Mfadhili wa mtoto anakuja kututembelea: tupeane uzoefu

Mama wa Chamwino
Habari zenu wapendwa. Jana Jumamosi mratibu wa kituo aliniita pembeni watoto wakiwa kwenye uji. Anasema mfadhili wa binti yangu, yule anayemlipia kupitia shirika, anakuja mwezi ujao, anatoka Korea Kusini. Binti ana miaka kumi, yuko kwenye huduma tangu ana minne. Barua zinakuja, zetu zinakwenda, picha yake tumeibandika ukutani karibu na kalenda ya kanisa, lakini sikuwahi kufikiri kwamba yule mtu wa kwenye picha ana miguu ya kumfikisha kwangu. Nyumba ni vyumba viwili, choo cha shimo. Mume anasema tupake chokaa. Mama mkwe anasema tuazime viti kanisani. Mimi nauliza kimoja tu: nimpikie nini? Chakula chetu Wagogo ni ugali wa uwele na mlenda, mboga ya kuteleza, na mlenda kumpa mgeni wa ng'ambo naona haya.

Waliowahi kutembelewa, waliowahi kwenda wenyewe kutembelea mtoto, waliofanya kazi kwenye hivi vituo, niambieni ilikuwaje. Mahubiri nayapata Jumapili, hapa nipeni yaliyowakuta.

Mjukuu wa Vihiga
Kwetu walikuja 2009 nikiwa darasa la sita. Wazee wawili kutoka Marekani, bwana na bibi. Tulikuwa tumeambiwa mapema kwamba wageni hawali manyumbani, watakula hotelini mjini kwa sababu ya tumbo. Kukhu wangu, yaani bibi yangu, aliyasikia hayo kwa sikio moja. Alikuwa na jogoo mmoja, na asubuhi ile hatukumsikia akiwika.

Wageni walipoketi akaleta sinia, na juu kabisa imondo, ndugu zetu wa Tanzania mnaita firigisi. Kwetu hiyo haipewi mtoto, hapewi mwanamke, ni ya mwenye boma. Yule aliyewasindikiza akaanza kueleza kwa Kizungu. Kukhu hakujua Kizungu lakini kukataliwa hakuhitaji mkalimani. Nikaona sinia inaanza kushuka mikononi mwake. Mzee akauliza ile juu ni nini. Nikajibu mimi, na Kizungu changu cha darasa la sita, kwamba ni tumbo la kuku na ni ya mkubwa. Akaichukua kwa vidole, akatia mdomoni. Sasa imondo ni ngumu, na mzee alikuwa na meno ya kubandika. Alitafuna! Nyumba nzima imenyamaza, tunaangalia taya tu, mpaka akameza.

Kukhu alifariki 2016. Mpaka mwaka huo, akija mgeni yeyote, lazima aonyeshwe kiti: "Mzungu alikula imondo akiwa ameketi hapo." Zawadi walizoleta sikumbuki zote. Mpira nakumbuka.

Kwa hivyo wewe mama pika.

Mratibu mstaafu
Nimtetee kidogo aliyewasindikiza. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na moja hapa Tanzania, na mgeni akiharisha usiku ni sisi tunaotafuta gari. Pika, ila mwambie mratibu wako mapema utapika nini, chakula kitoke jikoni cha moto, maji yawe ya chupa au yaliyochemshwa. Hapo hakuna wa kukukatalia.

Mengine usishangae. Kabla hajapanda ndege huwa amechunguzwa rekodi zake za polisi. Hataachwa peke yake na mtoto hata dakika mbili, hata kama ni bibi wa miaka themanini. Namba za simu hampeani. Picha atapiga, lakini ataombwa asiweke jina la kijiji mtandaoni. Wazazi wengine wanaona kama wageni wanabanwa bure. Si bure. Anayebanwa ni yule mmoja ambaye hatumjui, na wema wanabanwa pamoja naye.

Halafu kuna jambo watu hawalifikirii: kituoni kwetu watoto walikuwa mia mbili na kitu, anayetembelewa mmoja. Siku hiyo wengine wanasimama kwenye dirisha. Mgeni mmoja alikuja na baiskeli mpya juu ya gari. Yule mtoto aliipanda mara moja tu, maana wenzake walimwekea kinyongo muhula mzima. Tangu hapo nilikuwa nawaambia wageni kilicho kikubwa kikae kwenye zawadi ya familia, inayopitia ofisini, hapa njoo na cha kushika mkononi na biskuti za wote.

Mama wa Chamwino
Asanteni. Lakini mlenda je? Hamjanijibu.

Mtafsiri wa barua
Ya chakula siwezi, mimi ni wa karatasi. Nimetafsiri barua za watoto kwenda kwa wafadhili kwa miaka kadhaa. Barua zote zinaanza sawa, mnajua wenyewe: "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Mtafsiri mpya alijiunga, kijana mwaminifu sana, akawa anatafsiri neno kwa neno.

Basi akaja mfadhili mmoja mama wa Uingereza, mimi ndiye mkalimani wa siku hiyo. Amekaa na mvulana wa miaka tisa chini ya mwembe, swali la kwanza: "Muulize kwa nini ananiogopa." Nikauliza kwa nini unadhani anakuogopa. Akatoa barua nne kwenye mkoba, zimepigiwa mstari. Barua nne, na kila moja mtoto ana hofu na mashaka juu yake! Maskini alikuwa amekwenda mpaka kwa mchungaji wake kuombewa.

Nilicheka mpaka ikabidi niombe radhi. Nikamweleza kwamba maana yake ni nina wasiwasi kama na wewe u mzima. Akanyamaza, kisha akasema mwambie mimi pia ni mzima, isipokuwa goti. Mtoto akageuka akalitazama goti. Hapo ndipo maongezi yalianza, kabla ya hapo alikuwa anajibu "ndiyo" na "hapana" tu.

Mama Chamwino, binti yako asipoongea saa nzima ya kwanza usimfinye. Wote wako hivyo.

Nesi wa Leeds
Mimi niko upande wa pili wa barua. Ni Mchagga wa Marangu, nafanya kazi Uingereza, na nilichukua mtoto wa kumlipia kila mwezi kupitia kanisa. Nilitaka Tanzania, lakini siku ile meza ilikuwa na kadi za Guatemala, nikaokota moja. Mwaka 2018 nikaenda kumwona. Niseme ukweli, nauli na hoteli kwa hesabu yangu zilikula mchango wa kama miaka minne, na ndani ya ndege nilijiuliza kama nina akili.

Wanaishi milimani, juu ya Chichicastenango, mji wenye soko kubwa Alhamisi na Jumapili. Baridi kama ya kwetu Julai. Picha yangu sikuwahi kutuma. Gari likasimama, nikashuka, bibi wa mtoto akanisalimu vizuri, halafu akachungulia nyuma yangu ndani ya gari. Akachungulia tena. Alikuwa anamtafuta mfadhili.

Mkalimani alipomwambia ndiye huyu, bibi akanishika mkono akaugeuza kiganja juu. Anaongea Kik'iche' tu. Kwa hiyo mimi naongea Kiingereza, mmoja anapeleka kwa Kihispania, mwingine anapeleka kwa Kik'iche', na jibu linarudi njia hiyo hiyo limechoka. Aliuliza: kwenu mnalima nini? Nikasema mahindi. Lilipomfikia akacheka, akanivuta ndani. Juu ya jiko, kwenye boriti, mahindi yananing'inia na maganda yake, meusi kwa moshi. Jamani, ni dari ya bibi yangu Marangu! Nilishindwa kuongea, na wakalimani wote wawili wakakosa kazi.

Akanipa uji wao wa mahindi, wanaita atole, kisha akanipa donge nipige tortilla. Za kwake duara kama sarafu. Yangu ilitoka kama ramani ya Kongo. Mtoto, ambaye mpaka hapo alikuwa amejificha nyuma ya sketi ya dada yake, akaja akaichukua ile yangu, akaila mwenyewe. Neno lao nililoondoka nalo ni maltyox, asante.

Kwa hiyo mlenda mpe. Kwangu mimi, kama bibi yule angenipa wali na soda ningerudi Leeds bila kitu.

Niko Dubai
Yangu fupi. Nilikuwa namfadhili binti wa India, karibu na Chennai, kupitia Compassion, shirika la Kikristo la kufadhili watoto. Kutoka hapa ni ndege ya saa nne, nikawa nasema nitakwenda, nitakwenda. Serikali ya India ilibana fedha za nje zinazoingia kwa mashirika, na mwezi wa tatu 2017 Compassion wakafunga kazi nchini humo. Watoto zaidi ya 140,000. Tuliruhusiwa barua ya kwaheri. Nimekaa nayo usiku mzima, sikujua mtu humwambia nini mtoto wa miaka tisa ambaye ulimwahidi kila Krismasi kwamba unakuja. Wenye uwezo wa kwenda, nendeni, au msiahidi.

Nilisubiri tu
Dubai umegusa penyewe. Mimi ni mtoto wa huduma, Mwanza, shirika silitaji. Sikuwahi kutembelewa. Jirani yangu alitembelewa, na mfadhili wake katika kuagana akamwambia siku moja utakuja kwetu uone theluji. Mkalimani angelimeza hilo neno ningemshukuru, lakini alilitafsiri lote. Yule mwenzangu aliacha kusoma hesabu akawa anajifunza Kiingereza tu, anatuambia yeye yupo hapa kwa muda. Barua zikapungua, zikaisha. Alibadilishiwa mfadhili akiwa kidato cha pili, na wa pili hakumwandikia kabisa. Sasa hivi anaendesha bodaboda na ukimwita "Theluji" anageuka, ameshazoea.

Mimi wangu aliandika mara moja kwa mwaka, mistari sita. Sina kinyongo. Ada ililipwa.

Mhasibu wa Nakuru
Hiyo "ada ililipwa" isidharauliwe. Kuna utafiti wa wachumi watatu, Wydick, Glewwe na Rutledge, ulitoka 2013, walifuatilia watu wazima waliokuwa watoto wa Compassion kwenye nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo. Walikuta walisoma shule zaidi, kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu hivi.

Na Mama Chamwino, Mkorea usimwone mgeni kwenye haya mambo. Ufadhili wa Compassion ulianzia kwao, kwa yatima wa vita vya Korea. Ilianza 1952 kwa ajili yao. Walipokea mpaka 1993, na 2003 wakaanza wao kufadhili watoto wa nchi nyingine. Kama ni mtu mzima wa kule, choo cha shimo anakijua.

Theluji siyo mimi
Utafiti sawa mhasibu, mama kauliza mlenda.

Mgogo mwenzio
Pika mlenda, dada! Ila usiweke chumvi nyingi kwa ajili ya woga, nakujua Mgogo akitishika anatia chumvi.

Mama wa Chamwino
Wapendwa, nimerudi. Alikuja Jumanne. Ni mama mfupi, mwaka wake wa sitini na sita, amevaa kofia kubwa. Chokaa tulipaka, ilikuwa haijakauka vizuri, akaegemea, mgongo wote mweupe mpaka anaondoka na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kwenye chakula nilifanya ujanja, nikapika pilau ya kuku na mlenda nikauficha kwenye bakuli dogo pembeni, na mratibu nilimwambia. Pilau alionja. Bakuli akalifunua mwenyewe, akainua kijiko, mlenda ukavutika vile unavyovutika. Nilitamani ardhi ipasuke. Akasema kitu kirefu, kikapita kwa Kiingereza, kikanifikia: kwao wana supu ya majani ya baharini inayoteleza hivyo hivyo, mama aliyejifungua ndiyo anayopewa. Akala wote. Pilau wakala wakalimani. Nilimfungia na zabibu kidogo za shamba la shemeji, akazila garini bila kuosha, mratibu amekunja uso.

Binti saa ya kwanza hakusema neno, na mimi nilikumbuka nisimfinye. Akatoka zake nje kwa wenzake kucheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira huku unajaza chupa mchanga. Mgeni akamfuata. Akasimama kuangalia, kisha akavua kofia akaingia katikati, na chupa ya mchanga mkononi. Wale watoto hawana huruma, mpira wa soksi ukampata mgongoni, pale pale penye chokaa. Binti yangu ndipo akafungua mdomo, kwa sauti ambayo hata kanisani hajawahi kuitoa:

"Umekufa! Toka!"

Mkalimani akaniangalia mimi kama aitafsiri au aiache. Mgeni alikuwa ameshatoka, anacheka, anampa binti chupa.