Kitabu kilikuchekesha, filamu ikakuletea mtu mwingine: tupeane uzoefu

Msomaji wa Umoja: Jana niko kwa kinyozi, skrini ikaanza kuonyesha ile filamu ya 2005 ya The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, machungu yote yakarudi. Kitabu nilikiokota Moi Avenue, kimetandazwa juu ya gunia, jalada hakina. Nilikimaliza kwa tochi chini ya blanketi, bweni zima likiniuliza nacheka na nani. Yule mhusika Ford Prefect, kichwani mwangu alikuwa na nywele nyekundu-nyekundu na tabasamu pana kupita kiasi. Kusikia nafasi yake amepewa Mos Def, rapa wa Brooklyn, nikaisusia miaka miwili. Kumbe yeye ndiye hakuniudhi! Aliyeniua ni mhusika mwingine, Zaphod. Kitabuni vichwa vyake viwili viko bega kwa bega, wao wamekificha cha pili chini ya kidevu. Nani mwingine yamemkuta?

Mama Wawili: Hicho kichwa. Nilizima runinga.

Mzee wa Jogoo Road: Mnanuna bure. Hadithi ilianzia redioni, BBC, 1978. Kitabu ni cha 1979. Wa kununa ni wale walioizoea kwa masikio.

Dogo_58: Mzee, hapa tunaongea sinema, wewe unatuletea redio.

Mzee wa Jogoo Road: Sauti ndiyo mchezo wenyewe, kijana. Yule roboti Marvin, ndani ni Warwick Davis, sauti ni ya Alan Rickman. Wewe ulimcheka yupi?

Dogo_58: Sawa basi, shikamoo.

Ticha Kayole: Acheni niseme langu. Tulitoa mchezo kwenye riwaya ya vichekesho, tukaupeleka tamasha la drama. Chifu wa kitabuni ana tumbo linalomtangulia mlangoni. Nilikuwa na kijana mnene, mpole, na mwingine mwembamba kama fito ambaye alichekesha hata akiomba ruhusa ya kwenda chooni. Nikachagua tumbo.

Siku ya siku, kijana akasema mistari yote, hakukosa hata neno. Hakuna aliyecheka. Niko nyuma ya pazia nasikia feni ikizunguka. Mara akakanyaga koti lake, akaanguka kifudifudi, ukumbi ukaangua kicheko. Akadhani wanacheka mwili wake. Akainuka, akashuka jukwaani, akapitiliza hadi getini, akadandia matatu akiwa na kofia ya chifu kichwani.

Tulimtafuta mpaka saa mbili usiku. Yuko kwao Dandora, anakula chapati. Mamake akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu ulimchagulia nini?" Nikaomba maji ya kunywa.

Mama Wawili: Woi. Alirudi shule?

Dogo_58: Kofia je??

Ticha Kayole: Alirudi Jumatatu. Kofia haikurudi.

Nyanya Mdogo: Ticha, mimi ni mzazi na ningekupa chai ya chumvi. Ila tusidanganyane, nasi tungemchagua huyo huyo.

Msomaji wa Umoja: Dawa ni kuona filamu kwanza, kitabu baadaye. Hapo hakuna sura ya kuharibiwa.

Mzee wa Jogoo Road: Ndipo utasoma kitabu kizima ukiona sura ya Martin Freeman, yule mwigizaji mkuu wa filamu. Hiyo si dawa, ni sumu. Usiione kabisa.

Dogo_58: Mimi huona nikiwa na njaa. Ukiwa na njaa huchagui mwigizaji.

Mama Wawili: Beba taulo tu, kama kitabu kilivyosema.

Nyanya Mdogo: Hivi ile arobaini na mbili ya kitabu chenu ni ya nini? Mwizi ameongezewa siku mbili?

Msomaji wa Umoja: 😂😂 Nyanya, hilo ndilo jibu la maisha na kila kitu. Swali ndilo limepotea.

Mama Wawili: Ticha, hujasema. Yule mwembamba ulimpa kazi gani?

Ticha Kayole: Kuvuta pazia.

Dogo_58: Ticha!!

Msomaji wa Umoja: Jameni, turudi kwa kile kichwa.