Matiti makubwa na maumivu ya shingo: je, niende kufanyiwa upasuaji wa kuyapunguza?

Mwalimu wa Uyole

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri, hasa kutoka kwa akina mama na dada waliopitia jambo hili au waliomuuguza aliyelipitia. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mbeya, nina umri wa miaka 33 na watoto wawili, na mdogo aliacha kunyonya mwaka jana. Matiti yangu yalikuwa makubwa tangu nilipovunja ungo, lakini baada ya uzazi wa pili yamezidi, kiasi kwamba shingo na mabega huniuma karibu kila siku, na nikisimama ubaoni vipindi viwili mfululizo vidole huanza kufa ganzi. Kamba za sidiria zimechimba mifereji mabegani ambayo haiondoki hata nikilala bila kuivaa. Chini ya matiti ngozi huchubuka na kuota fangasi. Watu hushangaa fangasi inatoka wapi katika baridi ya Uyole, lakini sweta nzito ndiyo inayofungia jasho huko chini. Nimepaka dawa za kila namna. Hupona, kisha hurudi.

Nimepigwa picha ya uti wa mgongo, nikapewa dawa za maumivu na mazoezi ya fiziotherapia, ambayo hunisaidia kwa muda tu. Daktari mmoja ndiye aliyenitamkia wazi kwamba chanzo ni uzito wa matiti na kwamba upo upasuaji wa kuyapunguza. Mume wangu hapingi, ila anatamani tupate mtoto wa tatu, na anaogopa kwamba nitapewa dawa ya usingizi nisiamke. Mama mkwe, ambaye namheshimu sana, anasema mwili aliotupa Mungu haukatwi pasipo ugonjwa. Mimi naona kuamka kila asubuhi na maumivu ni ugonjwa, lakini sipendi kwenda kupasuliwa huku nyumbani kuna kinyongo.

Naomba kujua mambo matatu: nisubiri kwanza huyo mtoto wa tatu au nisisubiri, makovu yanakuwaje kwenye ngozi yetu nyeusi, na baada ya hapo, je, mtu hurudi kubeba ndoo, kulima na kubeba mtoto mgongoni kama zamani?

Mama wa Mafinga

Pole sana mdogo wangu. Ulichokieleza nilikiishi kwa miaka mingi, hata ile mifereji ya mabegani ninayo hadi leo, ingawa haiumi tena. Nilifanyiwa upasuaji huo Dar es Salaam baada ya kumaliza uzazi, na nitakueleza nilivyoona.

Siku ya upasuaji yenyewe si ndefu kwa mgonjwa, kwa kuwa unalala na kuamka kazi imekwisha. Kabla ya hapo daktari hukuchora kwa kalamu ukiwa umesimama, kwa sababu ukilala matiti huhama, na mistari ile ndiyo atakayoifuata. Nilikatwa kuizunguka chuchu, kisha mstari ukashuka hadi chini, na mwingine ukapita kwenye mkunjo wa chini ya titi, umbo lake kama nanga. Chuchu haikuondolewa, iliachwa ikishikamana na nyama inayoipelekea damu, ikapandishwa juu. Nilipozinduka nilikuwa na bandeji kifuani na mirija miwili midogo ya kutolea damu ubavuni, ambayo iliondolewa mapema. Maumivu yalikuwepo, lakini yalitulizwa na dawa za kawaida. Jambo lililonishtua ni wepesi: niliposaidiwa kukaa kitandani, shingo yangu ilinyooka yenyewe.

Sasa nikueleze yale ambayo wengi hawasemi. Kwanza ni safari. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kukaa kwenye basi kutwa nzima muda mfupi baada ya upasuaji mkubwa kunaweza kugandisha damu miguuni, achilia mbali mkanda wa kiti unaopita juu ya mshono na kona za Kitonga zinazokutupa huku na huku. Mimi nilikaa kwa ndugu zangu Mbagala hadi daktari alipoukagua mshono na kuniruhusu. Kama una ndugu huko, panga hilo mapema, na ukipata uwezo wa kurudi kwa ndege hadi Songwe, fanya hivyo, na hata humo ndani usiache kusimama na kutembeatembea.

Pili ni mikono. Majuma ya mwanzo huwezi kuinua mikono juu ya kichwa, kwa hiyo andaa mashati na magauni ya vifungo vya mbele, na mtu wa kukusuka nywele kabla hujaondoka nyumbani. Kusukwa yeboyebo lilikuwa wazo la binti yangu, na liliniokoa sana. Kuinua ndoo, debe la mahindi, kuni au mtoto ni mwiko kwa muda wa wiki 4 hadi 6. Hapo ndipo mgogoro wa nyumbani unapoanza, kwa maana watu wanakuona unatembea vizuri na wanadhani umepona.

Tatu ni macho ya watu. Nilipungua kifuani kwa namna iliyoonekana, na joho la kwaya likanipwaya mwilini. Uvumi ukaenea kanisani kwamba nimekatwa titi kwa sababu ya saratani, na wengine wakaja kuniombea. Niliwashukuru na kuwaambia ukweli. Usione aibu kusema, mdogo wangu, kwa sababu ukikaa kimya watu watakutungia habari.

Ganzi ilikaa muda mrefu kwenye chuchu. Upande wa kushoto ulirudi, upande wa kulia umerudi kwa sehemu tu. Mume wangu nilimweleza hili kabla, tukalizungumza kama watu wazima. Hata hivyo leo nalima bustani yangu ya viazi, nabeba ndoo, na mjukuu akilia namfunga mgongoni kwa kitenge pasipo shida.

Muuguzi wa Mbeya

Dada mwalimu, shukuru kwamba umeuliza kabla ya kupanda basi. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji kwa muda mrefu na nitaongeza upande wa hospitali.

Suala la mtoto wa tatu ndilo zito kuliko yote, na ningependa ulimalize na mume wako kwanza. Upasuaji huu hukata sehemu ya tezi na mirija ya maziwa. Chuchu ikibaki imeshikamana na nyama yake, wanawake wengine hunyonyesha baadaye, wengine hupata maziwa kidogo na kulazimika kuongezea, wengine hawapati kabisa; hakuna daktari anayeweza kukuahidi. Katika matiti makubwa mno, daktari huweza kulazimika kuitoa chuchu na kuipandikiza upya, na hapo kunyonyesha kunakuwa kumekwisha. Isitoshe, mimba huyakuza matiti tena na kuyalegeza, hivyo unaweza kugharamia kazi ambayo miaka miwili baadaye itakuwa imebadilika. Kwa hiyo, kama kweli mnamtaka mtoto huyo karibuni, kusubiri kuna maana. Kama hamna uhakika na wewe unateseka kila siku, mtoto ambaye bado mnamfikiria tu asiwe sababu ya kuumia miaka kumi. Huo ni msimamo wangu, na najua wapo wasiokubaliana nao. Kwa vyovyote, baada ya kuachisha mtoto titi ni vizuri ipite angalau miezi 6 kabla ya upasuaji, ili maziwa yakauke na umbo litulie.

Kuhusu makovu, ngozi yetu huota kelodi, yaani makovu yanayovimba, kwa urahisi kuliko ngozi nyeupe. Tazama tundu la hereni na kovu la chanjo ya kifua kikuu mkononi mwako. Kama yamevimba na kupita mipaka ya kidonda cha awali, mwambie daktari, kwa kuwa hilo litabadilisha mazungumzo yenu. Kovu la kawaida huwa jeusi na gumu miezi ya mwanzo, kisha hulainika polepole kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Jeli ya silikoni husaidia, ila ianze pale kidonda kinapokuwa kimefunga kabisa. Usipake asali, mafuta ya nyonyo wala dawa ya miti shamba kwenye mshono ulio wazi, hata akikuletea mtu unayempenda. Mahali mistari inapokutana chini ya titi ndipo panapochelewa kufunga, na ukiona pamefumuka kidogo usitishike, nenda ukasafishwe. Lakini homa, usaha, titi moja kuvimba ghafla, chuchu kubadilika rangi, mguu kuvimba au kupumua kwa shida, hayo hayasubiri kesho.

Anza hapa hapa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ili upimwe wingi wa damu, kisukari na shinikizo, matiti yakaguliwe yasiwe na uvimbe, kisha uombe barua ya rufaa. Muhimbili, kwa upande wa Mloganzila, wanao madaktari wa upasuaji rekebishi wanaofanya kazi hii. Omba daktari aandike maumivu, fangasi na ganzi ya vidole, kwa maana maelezo hayo ndiyo yanayotofautisha tiba na urembo unapowauliza watu wa bima. Waulize kabla, na jibu lao liwe la maandishi.

Mkulima wa Njombe

Mimi nilifika hadi kwa daktari nikaamua kutofanya, na sijutii. Matiti yangu yalikuwa na mafuta mengi, na nilipopunguza uzito yalipungua pamoja na mwili, maumivu yakabaki yale ninayoyaweza. Dada yangu wa tumbo moja alipungua kuliko mimi na matiti yake hayakushuka hata kidogo, kwa sababu yake ni tezi zaidi kuliko mafuta. Mwalimu, kama uzito wako umekuwa ukipanda, jaribu hilo kwanza. Kama mwili wako ni mwembamba na kifua peke yake ndicho kizito, usijitese kwa njaa. Pia tafuta fundi akushonee sidiria yenye kamba pana, maana kwenye mitumba namba kubwa hazipatikani kirahisi.

Mwalimu wa Uyole

Shikamoo mama wa Mafinga, na nyote ndaga fijo. Jana usiku nilimsomea mume wangu majibu haya yote. Lililomgusa ni ile habari ya mimba kuyakuza matiti tena, kwa kuwa alidhani tunaweza kufanya upasuaji sasa na mtoto baadaye pasipo tofauti yoyote. Tumekubaliana kulijadili hadi likizo ya Juni. Mwili wangu kwa kweli ni mwembamba. Kovu la chanjo ni tambarare, ila tundu moja la hereni limevimba kidogo. Je, hilo pekee linanizuia?

Muuguzi wa Mbeya

Halikuzuii, dada. Hereni huota uvimbe hata kwa sababu ya maambukizi au madini yake, hivyo daktari atalitazama mwenyewe. Mwoneshe siku ya kwanza, umuulize pia kama atafuatilia kovu lako na kuchoma sindano za kulituliza endapo litaanza kuinuka, na kama sindano hizo unaweza kuzipatia hapa Mbeya ili usisafiri kila mara. Na vipande vya titi vinavyotolewa, hakikisha vinapelekwa maabara. Majibu yake uyatunze, na miaka ijayo kila anayekupima matiti kwa mionzi umwambie kwamba ulipasuliwa, kwa sababu makovu ya ndani huonekana kwenye picha na yanaweza kumchanganya.

Mama wa Mafinga

Marahaba mwanangu. Kuhusu mama mkwe, mchukue siku moja mwende naye kliniki, akae ndani daktari anapokukagua. Mama yangu mzazi alipinga hadi siku aliponisaidia kuoga, akaiona ile mifereji ya mabegani na ngozi iliyochubuka. Yeye ndiye aliyenisindikiza Dar es Salaam.