Naomba ushauri: kitufe kifungue rekodi ya mwanachama niliyemchagua, si ya mwanachama wa kwanza

KatibuWaAkiba

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Naomba msaada katika jambo lililonikwamisha kwa wiki tatu sasa, na ambalo tayari limemuumiza mtu asiye na kosa lolote.

Ninatunza kumbukumbu za chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Kahama, chenye wanachama 412. Kwa miaka mingi tulitumia leja za karatasi. Mwaka jana nikajifunza mwenyewe Microsoft Access, nikatengeneza kanzidata yenye jedwali la wanachama, la mikopo na la marejesho. Fomu ya kwanza, niliyoipa jina fomuOrodha, inaonyesha wanachama wote, kila mmoja kwenye mstari wake, na kila mstari una kitufe kilichoandikwa "Fungua". Nilikusudia kwamba karani akibofya kitufe hicho, ifunguke fomuMwanachama ikiwa na taarifa za mwanachama wa mstari ule tu, ili apokee rejesho na kuliandika papo hapo. Fomu inafunguka, lakini kila mara inakuwa imesimama kwa mwanachama wa kwanza wa jedwali, hata nikibofya mstari wa 300.

Karani amekuwa akisogeza rekodi moja moja mpaka alione jina analolitaka. Mwezi uliopita, siku ya foleni ndefu, alisahau kusogeza, na rejesho la shilingi 85,000 la mama mmoja likaandikwa kwa mwanachama wa kwanza. Mama yule alirudi akiwa na stakabadhi mkononi na hofu usoni, akiamini fedha zake zimeliwa. Tulisahihisha siku ileile na kumwomba radhi, lakini fomu iliyomtia hofu niliitengeneza mimi, na sitaki jambo hilo lijirudie.

Kitufe nilikitengeneza kwa ule usaidizi wa hatua kwa hatua uliomo ndani ya programu. Namba zetu za uanachama huandikwa hivi: 0132/2017. Nitashukuru kwa maelezo ya taratibu, kwa sababu msimbo ndio kwanza ninajifunza.

Jedwali_Safi

Ndugu Katibu, pole kwa yaliyotokea. Kabla ya kukupa dawa naomba unijibu mambo mawili. Ule usaidizi wa vitufe, ukishachagua fomu ya kufungua, hukuuliza kama unataka fomu ifunguke na kutafuta data mahususi au ifunguke na kuonyesha rekodi zote. Wewe ulichagua lipi? Na ufunguo mkuu wa jedwali la wanachama, yaani safu inayomtofautisha kila mwanachama na mwingine, ni upi, wa aina gani?

KatibuWaAkiba

Nilichagua rekodi zote, kwa kuwa nilidhani chaguo lile jingine linahusu kisanduku cha kutafutia. Ufunguo mkuu ni NambaUanachama, aina ya maandishi.

Jedwali_Safi

Basi tatizo la kwanza limejulikana. Kitufe chako kinatoa amri moja tu: fungua fomu. Hakiiambii fomu ile umetoka kwenye mstari wa nani, na fomu isiyoambiwa neno hufungua jedwali lake zima na kusimama kwenye rekodi ya kwanza. Fomu mbili za Access hazijuani kwa kuwa tu zinasoma jedwali moja. Kitufe ndicho kinachopaswa kubeba ufunguo wa mwanachama kutoka fomu ya kwanza na kuukabidhi kwa ya pili.

Fungua fomuOrodha katika hali ya usanifu, chagua kitufe, nenda kwenye sifa zake, na katika tukio la kubofya chagua kuandika msimbo badala ya makro. Kama ufunguo wako ungekuwa wa nambari, mstari ungekuwa huu:

DoCmd.OpenForm "fomuMwanachama", , , "MwanachamaID = " & Me!MwanachamaID

Zile koma tatu zisikupotee. Amri hii hupokea mambo kwa mpangilio: jina la fomu, namna ya kuionyesha, jina la kichujio kilichohifadhiwa, kisha sharti. Sisi tunahitaji la kwanza na la nne, lakini nafasi za katikati lazima ziachwe wazi kwa koma. Ukipunguza koma moja, sharti lako litachukuliwa kuwa jina la kichujio.

Upande wa kushoto wa alama ya usawa ni jina la safu katika jedwali au hoja (query) inayolisha fomu inayofunguliwa. Upande wa kulia, baada ya &, ni thamani inayochukuliwa kwenye mstari uliobofya, kwa maana Me ni fomu ile yenye kitufe. Wengi huchanganya pande hizi, na dalili yake ni kisanduku kidogo kinachokutaka uandike thamani: programu imekutana na jina isilolijua ndani ya fomu ya pili, nayo inakuuliza wewe.

Kwa kuwa ufunguo wako ni maandishi, thamani lazima izungushiwe alama za nukuu:

DoCmd.OpenForm "fomuMwanachama", , , "NambaUanachama = '" & Me!NambaUanachama & "'"

Kwako wewe alama hizi ni muhimu kuliko kwa wengi. Bila nukuu, 0132/2017 si namba ya uanachama tena. Programu itaigawa 132 kwa 2017, kisha italalamika kwamba inalinganisha maandishi na nambari.

KatibuWaAkiba

Mungu akubariki, ndugu yangu. Nimebofya mstari wa 300 na amefunguka mwenyewe wa mstari wa 300. Nimejaribu mistari ishirini, yote sawa.

Imebaki mitego miwili. Karani akisajili mwanachama mpya kwenye orodha na kubofya "Fungua" hapohapo, fomu ya pili inakuja tupu. Pia nilijaribu kutengeneza kitufe cha pili cha kutafuta kwa jina, kwa sababu wanachama wengi hawaji na namba zao. Kwa majina mengi kinafanya kazi, lakini kwa baadhi kinatoa ujumbe wa kosa la sentensi, na sioni tofauti yao.

BintiTakwimu

Kaka Katibu, naomba kukisia: majina yanayokataa ni ya akina Ng'wandu na Ng'wigulu?

Huko kwenu hayo ni majina ya kila siku, na hapo ndipo sharti linapovunjika. Umezungushia jina alama moja ya nukuu kila upande. Programu ikifika kwenye alama iliyo ndani ya Ng' inaamini kwamba maandishi yameishia pale, na herufi zinazofuata zinabaki bila maana. Mifano mingi ya mafunzo hutumia majina yasiyo na alama hiyo, kwa hiyo mtu hufundishwa njia itakayomkwamisha siku ya kwanza kazini Kahama, Magu au Murang'a. Tiba yake ni kuirudufu kila alama iliyo ndani ya jina:

"Jina = '" & Replace(Me!Jina, "'", "''") & "'"

Hata hivyo, nakusihi usifungue rekodi ya mtu kwa jina lake. Katika wanachama 412 hukosi wawili wenye majina yanayofanana, na tutarudi kulekule kwa yule mama. Jina litumike kupunguza orodha tu, karani awaone wote wenye jina hilo pamoja na namba zao, kisha abofye kitufe cha mstari sahihi, kinachobeba ufunguo.

Kuhusu fomu tupu, mwanachama mpya bado hajaingia kwenye jedwali wakati kitufe kinapobofywa. Yuko kwenye skrini tu. Fomu ya pili inasoma jedwali, haimwoni. Hifadhi kwanza, kisha fungua. Vilevile zuia kitufe kisibofywe kwenye ule mstari mtupu wa mwisho:

If Me.Dirty Then Me.Dirty = False
If IsNull(Me!NambaUanachama) Then Exit Sub

Mistari hii miwili ikae juu ya ule wa kufungua. Siku moja ukiona fomu inakuja tupu hata kwa mwanachama wa zamani, angalia sifa iitwayo Data Entry katika fomuMwanachama. Ikiwa imewekwa Yes, fomu hiyo hupokea rekodi mpya tu na haitaonyesha ya zamani hata moja, sharti liwe sahihi namna gani.

Mzee_wa_Leja

Vijana wangu, nimefanya kazi ya vitabu vya ushirika kwa miaka mingi kabla ya kompyuta kuingia ofisini, na naona jambo ambalo bado halijaguswa. Kwa nini namba ya uanachama iwe ndiyo ufunguo? Namba hiyo huandikwa na mkono wa mtu. Leo ni 0132/2017, kesho karani mwingine ataandika 132/2017, na wa tatu ataacha nafasi kabla ya mkwaju (/). Kwa macho yetu ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni watu watatu. Namba hiyo ibaki kwenye stakabadhi na kitambulisho, lakini kanzidata iwe na namba yake ya ndani, inayojizalisha yenyewe, isiyobadilika na isiyoonyeshwa kwa mtu.

Jedwali_Safi

Mzee amesema kweli, nami nilipaswa kuanzia hapo. Ndugu Katibu, nakili faili lako lote kwanza na uliweke mahali pengine. Kisha ongeza kwenye jedwali la wanachama safu ya MwanachamaID yenye namba ya kujizalisha (AutoNumber). Access itawajazia namba hizo hata wanachama waliokwisha kusajiliwa. Ongeza safu ya nambari yenye jina hilohilo kwenye majedwali ya mikopo na marejesho, uijaze kwa hoja ya kusasisha inayounganisha majedwali kwa namba ya zamani, halafu weka uhusiano unaokataa rejesho lenye MwanachamaID isiyomo kwenye jedwali la wanachama. Baada ya hapo utatumia ule mstari mfupi wa kwanza, usiohitaji nukuu wala kuogopa mkwaju.

Fundi_Fomu

Naomba kutofautiana kidogo na waliotangulia, si kuhusu ufunguo bali kuhusu sharti lenyewe. Sharti linalopitishwa na kitufe ni kichujio. Chini ya fomu, karibu na idadi ya rekodi, programu huonyesha kwamba rekodi zimechujwa, na karani akibofya hapo kichujio kinaondoka, wanachama wote 412 wanarudi, na fomu inasimama tena kwa yule wa kwanza. Kwenye fomu ya kuangalia tu hilo si neno. Kwenye fomu ya kupokea fedha, siwezi kuliacha.

Mimi hulisha fomu ya aina hiyo kwa hoja yenye sharti ndani yake:

SELECT * FROM Wanachama WHERE MwanachamaID = [Forms]![fomuOrodha]![MwanachamaID]

Hapo hakuna kichujio cha kuondoa, kwa kuwa fomu haijawahi kupewa mwanachama mwingine. Gharama yake ni kwamba fomuOrodha lazima iwe wazi wakati wote, vinginevyo utaulizwa thamani.

BintiTakwimu

Hoja yako ninaikubali kwa fomu ya fedha, ingawa fomu inayotegemea nyingine iwe wazi hunisumbua pale ninapotaka kuifungua kutoka sehemu tatu tofauti. Njia ya kati ni kuacha sharti kwenye kitufe, kuzima sifa ya kuruhusu vichujio ndani ya fomu, kisha kujaribu kama kitufe chako bado kinafanya kazi, na kuondoa vitufe vya kusogeza rekodi. Kwa njia yoyote utakayochagua, kaka, weka jina kamili na namba ya uanachama kwa herufi kubwa juu kabisa ya fomu, mahali ambapo karani ataona kabla ya kuandika kiasi.

Jambo jingine utakalokutana nalo hivi karibuni: ukitengeneza kitufe cha "Mkopo mpya", sharti peke yake halitoshi. Sharti huchagua rekodi zilizopo; halijazi rekodi mpya. Mwanachama asiye na mkopo atafunguliwa fomu tupu, na mkopo utakaoandikwa hautakuwa na mwenyewe. Pitisha ufunguo katika nafasi ya saba ya amri ileile:

DoCmd.OpenForm "fomuMkopo", , , "MwanachamaID = " & Me!MwanachamaID, , acDialog, Me!MwanachamaID

Na katika tukio la kupakia la fomuMkopo:

If Not IsNull(Me.OpenArgs) Then Me!MwanachamaID.DefaultValue = Me.OpenArgs

Nimetumia thamani ya awali kwa makusudi. Ukiiandika thamani moja kwa moja ndani ya rekodi, unakuwa umeanzisha mkopo hata kama mtu amefungua fomu kwa kuchungulia tu. Thamani ya awali husubiri mpaka aanze kuandika. Ile acDialog inamzuia karani kurudi kwenye orodha na kubofya mtu mwingine kabla hajafunga fomu ya huyu, kwa sababu fomu iliyokwisha kufunguka haipakiwi upya na ingebaki na ufunguo wa mtu wa kwanza.

KatibuWaAkiba

Ndugu zangu, Mzee wetu, shukrani zangu ni kubwa kuliko ninavyoweza kuandika. Nilinakili faili, nikaongeza MwanachamaID, na ile hoja ya kusasisha ikajaza marejesho yote isipokuwa matatu. Nilipoyachunguza, mawili yaliandikwa namba yenye nafasi kabla ya mkwaju, na moja limekosa sifuri ya mbele, kama Mzee alivyosema. Nimeyatafutia wenyewe kwenye leja za karatasi, na wote watatu nimewapata.

Kwa fomu ya kupokea fedha nimefuata njia ya Fundi. Kwa fomu nyingine nimebaki na sharti la kitufe. Jina na namba viko juu, kwa herufi kubwa za buluu, na karani sasa humsomea mwanachama jina lake kwa sauti kabla ya kuandika.

Leo asubuhi yule mama alikuja na rejesho la mwezi huu. Nilikaa mimi mwenyewe dirishani, nikabofya kitufe kwenye mstari wake, nikamgeuzia skrini. Marejesho yake yote kumi na manne yalikuwepo, pamoja na lile la 85,000. Aliyahesabu kwa kidole, moja baada ya jingine, akanikabidhi la kumi na tano.