Kushinda nyumbani na kupoteana ugenini: tatizo ni uwanja au ni maelewano?

Mwalimu wa Ridhaa:
Wanajukwaa, habari zenu. Ninafundisha timu ya ridhaa ya soka. Msimu huu tumeshinda michezo sita kati ya saba ya nyumbani, huku ugenini tukiambulia ushindi mmoja tu katika michezo saba. Wachezaji ni wale wale na mfumo ni ule ule. Viongozi wananiambia kuwa kila timu ina nguvu kwake, lakini sijaridhika na jibu hilo, kwa kuwa ugenini naona watu kumi na mmoja ambao kila mmoja anacheza mechi yake. Je, uwanja wa nyumbani una uzito gani hasa, na ni kiasi gani cha tofauti hii kinatokana na sisi wenyewe kutoelewana?

Mpenda Takwimu:
Ndugu Mwalimu, uzito upo, na janga la UVIKO-19 lilitupa nafasi adimu ya kuupima. Katika msimu wa 2020/21 wa Ligi Kuu ya Uingereza, ambao karibu wote ulichezwa bila mashabiki, timu za ugenini zilishinda michezo 153 na za nyumbani 144, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya ligi ya juu nchini humo. Liverpool, ambao muda mfupi kabla walikuwa na rekodi ya michezo 68 ya ligi bila kufungwa uwanjani kwao Anfield, walipoteza sita mfululizo hapo hapo. Ninaamini sehemu kubwa ya uzito huo hupitia kwa mwamuzi. Waamuzi waliwahi kuonyeshwa matukio yale yale ya mchezo, baadhi wakisikia kelele za mashabiki na wengine wakitazama kimya kimya, na waliosikia kelele waliihesabia timu ya nyumbani makosa machache zaidi.

Nahodha Mstaafu:
Nakubaliana na takwimu, ila mfano wa Liverpool nausoma vingine. Msimu ule mabeki wao wa kati Virgil van Dijk, Joe Gomez na Joël Matip wote waliumia, na viungo Fabinho na Jordan Henderson wakashushwa kuziba nafasi za mabeki wa kati. Mabeki wawili waliozoeana hujua bila kuambiana nani anaruka na nani anabaki nyuma yake kumlinda, na ujuzi huo haupatikani kwa wiki mbili. Watazame Leicester City wa 2015/16: walishinda michezo 12 nyumbani na 11 ugenini, wakafungwa mitatu tu msimu mzima, na msimu ule kocha wao, Claudio Ranieri, alikigusagusa kikosi chake mara chache. Timu iliyozoeana namna hiyo husafiri na nguvu zake.

Mwalimu, nakuomba ufanye jambo moja. Mkifungwa ugenini, kwa dakika tano usiutazame mpira. Sikiliza ni nani anayezungumza.

Beki wa Pembeni:
Tusisahau mazingira. La Paz, mji wa Bolivia, ipo mita zipatazo 3,600 juu ya usawa wa bahari, ambako wageni huishiwa pumzi upesi, na mwaka 2009 Bolivia waliifunga Argentina 6–1 pale. Ligi nyingi hazina tofauti kubwa kiasi hicho, lakini kufika uwanjani dakika ishirini kabla ya filimbi, mkiwa mmechoka na safari, kunatosha kuwapotezea kipindi cha kwanza.

Mwalimu wa Ridhaa:
Ninawashukuru. Nahodha, Jumamosi nilifanya ulivyoniagiza. Tulifungwa mapema, na baada ya hapo sauti niliyoisikia ilikuwa ya golikipa peke yake. Beki wa kushoto alikabiliwa na watu wawili, akainua mkono kuomba msaada, na winga wetu alikuwa hatua kumi mbele yake, ameinamisha kichwa. Nyumbani winga huyo hurudi mbio kukaba, kwa sababu mashabiki wa upande ule humwita kwa jina. Kumbe kazi ya kuitana wachezaji wangu wamewaachia mashabiki. Wakati wa mapumziko nilimpa kila mchezaji mwenzake mmoja wa kumwita muda wote, tulipoteza 2–1, lakini kipindi cha pili hatukufungwa, na bao letu lilianza na sauti ya beki huyo huyo akimwambia winga, “Una muda, geuka!”

Nahodha Mstaafu:
Basi anzia hapo. Katika mazoezi ya wiki hii, kila pasi itanguliwe na sauti ya anayeipokea. Asiyeita asipewe mpira. Na mabeki wako wanne usiwabadilishe ugenini kwa ajili ya matokeo mabaya ya mchezo mmoja.