Shati ya Brooks Brothers imelika kola, naweza vaa intavyuu?

kibuye_jumapili: Wadau habari. Jumapili nilikuwa soko la Kibuye kwa mama mmoja wa mitumba nikaokota shati ya Brooks Brothers, bluu, kitambaa cha oksfodi, ile kola ina vifungo viwili vya kuishikilia chini, akaniachia kwa 150. Shida kola imelika pale inapokunjika. Nilitaka kuirudisha lakini binamu yangu aliyewahi kukaa Boston ananiambia ati huko matajiri wa zamani huvaa hivyo hivyo na hawajali, ati mwenye kila kitu kipya ndiye anaonekana bado anatafuta. Sasa mimi nina intavyuu Alhamisi hapa Kisumu. Ni ukweli ama ananichezea?

tichaa_kakamega: Hajadanganya ila hajamaliza hadithi. Brooks Brothers ni duka la New York la 1818, na hiyo kola waliileta 1896 baada ya mmoja wa familia kuona wachezaji wa polo, ule mchezo wa mpira juu ya farasi, Uingereza wamefunga kola na vifungo isiwapige usoni. Kumbe ilianza ikiwa nguo ya mchezo! Baadaye wanafunzi wa Yale, Princeton na kadhalika wakaing'ang'ania, na enzi hizo wengi huko walikuwa watoto wa wenye nazo. Sasa mtu kama huyo kola ikilika ana haja gani, si kila mtu anamjua babake. Wewe hao wa intavyuu hawamjui babako.

mtu_wa_eldama: 😂😂 hapo kwa babako umemaliza. Mimi huchekeshwa na suruali za kaki. Huku kaki ni chifu, askari wa geti, kaptula ya shule ya msingi. Marekani pia ilikuwa ya jeshi, halafu vita ikiisha kuna sheria ya 1944 iliyowalipia karo wanajeshi, wakaingia chuo na kaki zao, wale watoto wa matajiri nao wakazivaa, leo unaiona kwa duka la maana ati nguo ya kistaarabu.

kibuye_jumapili: Kwa hivyo hiyo stailo ni ya matajiri ama ya nani?

tichaa_kakamega: Ya anayejua kuivaa. Ralph Lauren, yule mbunifu wa mavazi, amezaliwa Bronx huko New York 1939, wazazi wahamiaji Wayahudi, jina la ukoo Lifshitz, aliwahi kuuza kwa hao hao Brooks Brothers, kisha 1967 akaanza na tai, akaziita Polo. Hayo mambo ya matajiri ya farasi na boti hakuzaliwa nayo, lakini ndiye aliyewauzia dunia nzima.

cherehani_nakuru: Mnaongea historia na kijana ana intavyuu Alhamisi. Geuza kola! Zamani walimu walikuwa wananiletea kila kufunga shule, unafumua pale shingoni, upande wa chini unakuja juu, unashona tena, shati inakaa miaka mingine miwili. Hiyo ya vifungo inageuka vizuri tu, tundu zimepita pande zote mbili. Ila mwambie fundi asiweke uzi mweupe kwa shati ya bluu, wengine hawa wa siku hizi hawaangalii.

kibuye_jumapili: Nimeipeleka kwa fundi, mzee wangu, asante sana. Amesema 80, nichukue kesho jioni. Binamu amenuna ati nimeharibu shati.