Mrejesho: binti yangu na utawa

Tumsifu Yesu Kristo. Wakati ule niliwaomba ushauri kwa sababu binti yangu wa pekee alitaka kuingia utawani, yaani kuwa sista asiyeolewa wala kuzaa, nami nikihofu kwamba jina la marehemu mama yangu, ambalo kwetu Wagiriama hurithiwa na vizazi vinavyofuata, lingekosa wa kulibeba. Mlinishauri nikaonane na mlezi wa wito, anayewaongoza wanaotaka utawa, kabla ya kukataa, nikaenda, nawashukuru kwa dhati.

Nilikuwa nikidhani kwamba msichana akishaingia konventi mlango umefungwa, kumbe Kanisa halina haraka hata kidogo: kuna unovisi, yaani kipindi cha malezi na majaribio, usiopungua miezi 12, kisha nadhiri za muda kwa miaka 3 hadi 6, na nadhiri za daima haziruhusiwi kabla ya kutimiza miaka 21, tena kwa hiari kamili. Laiti ningelijua hilo mapema, nisingemnunia mwanangu miezi yote ile.

Mwezi uliopita, hapa Malindi, aliweka nadhiri zake za kwanza za usafi wa moyo, ufukara na utii. Alipotia sahihi juu ya altare niliuona mkono wake ukitetemeka, lakini sauti haikutetemeka. Baada ya misa alinikumbatia, akaniambia kwamba jina la utawa alilochagua ni lile la ubatizo la bibi yake. Nililia kwenye leso yangu mpaka ikalowa.

Baba yake bado ni mzito, ila Jumapili iliyopita aliulizia siku ya kumtembelea.