Majaji hawakufika kwenye mabango yetu hata kwa dakika moja, na vyeti vilikuwa vimeshachapwa!

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa ada, hili ni jambo jingine kabisa.

Niko mwaka wa nne, jiolojia, chuo kimoja hapa Mbeya, jina naliacha. Wiki iliyopita tulikuwa na siku ya utafiti wa wanafunzi. Ratiba ilibandikwa ukutani: asubuhi mawasilisho ya ukumbini, mabango saa tano hadi saa saba, zawadi saa nane. Mabango, yaani zile karatasi kubwa zenye utafiti wako unazosimama mbele yake kuwaeleza majaji, yana zawadi yake peke yake. Nilisimama mbele ya bango langu tangu saa tano kasorobo. Hakuja jaji hata mmoja. Saa sita na dakika kumi mshereheshaji anatuita ukumbini, eti mgeni rasmi anawahi ndege Songwe. Tukaingia, washindi wakasomwa, na wa mabango akiwemo. Wamempimaje? Nikamwomba anionyeshe cheti. Jina limechapwa kwa mashine, halikuandikwa kwa kalamu. Kilichapwa saa ngapi, wakati sisi bado tuko nje tumesimama tunawasubiri?

Sina ugomvi na mshindi. Kazi yake ya chemchemi za moto za Songwe naijua, ameihangaikia, na angeweza kushinda kihalali. Wamemharibia hata yeye, maana sasa watu wanamtazama kwa jicho la pembeni.

Sasa niwaambie kilichoachwa bila kutazamwa. Mimi nilifuatilia tabaka la pumisi la Mlima Rungwe, zile changarawe nyepesi ambazo ukizitia kwenye ndoo ya maji zinaelea. Wakulima wa Tukuyu wanazikuta kila wakichimba. Zilirushwa na mlipuko mkubwa wa miaka kama 4,000 iliyopita. Nilichimba mashimo 31 kwa jembe la kuazima, kwenye migomba na kando ya mashamba ya chai, kila shimo napima unene wa tabaka na ukubwa wa punje. Kadiri unavyouacha mlima, tabaka linakuwa jembamba na punje zinapungua. Ukiviweka vipimo kwenye ramani unaanza kuona mlipuko kama ule ukirudi, mzigo mzito utawaangukia watu wa wapi. Wiki tano za mvua, na mvua ya Rungwe mnaijua. Shimo moja liliporomoka nikiwa ndani hadi kiunoni, nikaanza jingine.

Mzee mmoja aliyeniruhusu kuchimba kwake alikaa ananitazama mchana kutwa, mwisho akaniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo huu mlima utaamka tena?" Nikamwambia baba, Kyejo hapo jirani ulimwaga lava karibu mwaka 1800, kwa mlima hiyo ni kama jana, ndiyo maana tunapima. Nikamwahidi nitarudi na ramani. Ramani yenyewe ndiyo ilikuwa katikati ya bango nililolichapisha Mwanjelwa kwa 45,000, hela ya chakula ya mwezi. Hakuna jaji aliyeiona.

Na ukumbini nako mambo yalikuwa yale yale. Dada mmoja wa darasa letu alifanya kazi ya zebaki kwa wachenjuaji wa dhahabu Chunya, amechukua sampuli za tope hadi mtoni. Dakika ya tatu kati ya kumi jaji akamkatiza kwa sababu ya Kiingereza chake. Kuhusu zebaki hakuulizwa swali hata moja. Watu wanakunywa yale maji!

Wenzetu wanafanyaje? Umoja wa Marekani wa wanasayansi wanaoichunguza dunia, AGU, una tuzo ya wanafunzi kwenye mkutano wake mkuu. Mwanafunzi anajiandikisha apimwe, majaji wanajitolea, wanakuja kukusikiliza, wanajaza alama, na maoni yao yanarudi kwako hata kama hukushinda. Wanaopata ni wachache, kama asilimia 2 hadi 5 ya wawasilishaji. Unashindwa, lakini unajua umeshindwa wapi. Hilo halihitaji hela, linahitaji karatasi na mtu wa kusimama dakika tano.

Na asitokee mtu wa kusema hizi ni kazi za kutafutia digrii tu. Gesi ya heliamu ya bonde la Rukwa, ambayo kila mtu anaisemea leo, Juni 2016 aliyesimama kuwasilisha utafiti wake kwenye mkutano wa jiokemia wa Goldschmidt kule Yokohama, Japani, alikuwa mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza. Makadirio ya sehemu moja tu ya bonde yalikuwa futi za ujazo bilioni 54. Wale walimsikiliza mwanafunzi akizungumzia ardhi yetu. Sisi tuliozaliwa juu yake tunaachwa tumesimama na mabango kama wauza mitumba.

Nilimfuata mratibu siku ile ile, kwa heshima zote. Jibu lake: "Kijana, jipange mwakani." Mwakani gani, Dokta? Mimi namaliza Julai!

Jumatatu tunarudi ofisini kwake, wenye mabango wote saba, kuomba fomu za alama zetu. Kama nimepewa sifuri nionyeshwe sifuri yangu na saini ya aliyeitoa. Na kama yupo humu aliyekuwepo siku ile akamwona jaji amesimama kwenye bango lolote, aseme hapa hapa, na saa aitaje.